"Nitairudisha tu ilivyokuwa" na dhana nyingine za magari ya kale

Nenda maonyesho yoyote ya magari ya kale, utaisikia: "Usijali, siku nikitaka nitairudisha ilivyokuwa." Na mara nyingi anayesema kasimama kando ya madigadi yaliyokatwa kwa grenda ili tairi pana ziingie.

Kinachorudi ni kile kilichofunguliwa kwa spana. Kilichokatwa, kutobolewa au kusagwa hakirudi, utaweka kingine mahali pake. Ule ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma ndipo bati la nje na la ndani yalipochomelewa pamoja. Ukiukata, mshono unaachia, maji na tope vinaingia katikati, kutu inaanzia usipopaona. Ukifunika jeraha kwa madigadi ya plastiki yaliyopigwa skrubu, umeongeza matundu ya kutu. Kurudisha sasa ni kutoboa kila alama ya kuchomelea, kung'oa bati, kutafuta lingine la toleo lilelile, kulichomelea huku ukijaribu mlango na buti kama vinafunga sawa, kisha kupaka rangi ubavu mzima. Rangi ya kiwandani ndiyo basi tena.

Injini ni mbaya zaidi kwa sababu uharibifu hauonekani. Kwenye V8 ndogo za Chevrolet (injini za silinda nane), namba ya kuitambulisha injini hugongwa kwenye kibao, sehemu ndogo bapa ya bloku mbele ya hedi ya kulia, usawa uleule na uso wa bloku. Bloku ikipelekwa kusawazishwa, mashine inapita juu ya kibao na namba inafutika. Injini ni ya gari lile lile, lakini umthibitishie nani? Piga picha namba mapema, na mwambie fundi wa mashine kabla hajaanza asikiguse kibao.

Kama lazima ubadilishe, tumia matundu yaliyopo. Geji za ziada zikae kwenye bano chini ya dashibodi. Injini ngeni ifungwe kwa bolti bila kukata chasi, na ya asili itiwe mafuta ndani ya silinda, izibwe, iwekwe lebo. Bolti zisizo na lebo ni vyuma chakavu, niamini.

"Kukata springi ni sawa na kununua fupi." Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukikata 1 inakuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 14, huku shokomzoba imebaki na nafasi ndogo ya kushuka. Ukipiga jeki, springi inalegea na inaweza kuhama kitini. Wanaoipasha kwa gesi ndio kabisa: chuma kinapoteza ugumu, gari linaendelea kulala.

"Kromu inaimarisha." Inaremba tu. Uchovyaji huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu, na bolti isipookwa vizuri baadaye, yaani kupashwa joto kwenye oveni, hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Bolti za usukani, breki na suspensheni ziacheni.

"Vanishi juu ya kutu inaihifadhi." Unyevu umeshafungiwa chini yake, subiri ibanduke. Nta angalau inafutika.

"Nilichotumia kitarudi kwenye bei." Tunza stakabadhi za injini, breki na bodi. Za spika na rimu za inchi 20 mnunuzi anahesabu gharama ya kuziondoa.