"Siwati" si kosa la chapa

Kwa miaka mingi niliiacha *Sauti ya Dhiki*, diwani ya mashairi ya Abdilatif Abdalla, rafuni, na sababu yake inanitia haya: nilidhani imejaa makosa ya chapa. Shairi moja linaitwa "Siwati". Mimi, niliyelelewa na Kiswahili cha vitabu vya shule, nikaamua kwamba mpiga chapa alisinzia. Leo kazi yangu ni kuhariri mashairi, na waandishi chipukizi wakinijia, huanza nao kwa neno hilo hilo.

Siwati ni siachi. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina t mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina ch: macho ni mato, kucheka ni kuteka. Ukishalijua hilo, nusu ya ugumu wa diwani hii umekwisha. Sasa jaribu kulisanifisha neno. Si-wa-ti ni mizani (yaani silabi) 3, si-a-chi ni 3 vilevile, kwa hiyo mhariri mwenye haraka atajiona hajaharibu kitu. Kumbe kina, ile sauti ya mwisho inayoitikiana, kimekwenda na maji. Neno lililoweza kuitikiana na "wakati" na "dhati" limebaki mwishoni mwa mshororo halina mwenzake. Niliwahi kumfanyia hivyo mshairi mmoja katika muswada wake. Alinikasirikia, na alikuwa na haki.

Mashairi haya yalitungwa gerezani. Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972, na mengi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ikachapishwa 1973. Wasomaji wengi huishia kwenye karatasi hizo, wakastaajabu, wakafunga kitabu. Mimi kinachonikalisha ni ufundi wenyewe.

Chukua "Mamba". Kila mshororo una kipande cha mizani 4, kisha cha mizani 8. Kisome kwa sauti: kile kifupi kinabana kama taya, kile kirefu kinajinyoosha majini. Humo mna mamba mwenye kiburi, anayejigamba kwamba ataishi dahari. Na mshairi hafichi kwamba anaficha. Ubeti wa kwanza kabisa unatangaza kuwa hili ni fumbo, alifumbue awezaye. Darasani tulijibu "mamba ni watawala", tukapewa alama, tukafungua ukurasa mwingine. Jibu si baya, ila ni dogo. Fumbo likishatafsiriwa kwa neno moja huwa methali ya ukutani. Ukimwacha mamba awe mamba, mwenye mto wake na majigambo yake, utamkuta hata ofisini kwako. Pengine hata kwenye kioo.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyofundishwa ushairi: hesabu mizani, taja vina, andika dhamira. Kuhesabu hakuna ubaya, mimi huhesabu kila siku. Lakini tunahesabu kabla ya kusikia, na mizani ni kitu cha sikio. Ndiyo maana "mtu" ni mizani 2, m-tu, na "mbuzi" nayo ni 2, mbu-zi, ingawa moja ina herufi tatu na nyingine tano. Jicho halikwambii hayo.

Ule ugomvi wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na mashairi huru yasiyozifuata, nitaupita haraka. *Kichomi*, diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1974, mwaka mmoja tu baada ya diwani hii, na watu bado wanawapanga wawili hawa kama timu za mpira. Mimi nawasoma wote. Shairi huru baya na shairi la arudhi baya huugua ugonjwa mmoja: mtunzi hakujisikiliza.

Kama hujawahi kuifungua *Sauti ya Dhiki*, usianzie mwanzo. Anza na "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Tafuta mtu mwenye koo nzuri mgawane sehemu, na msisome kimyakimya. Mimi huomba niwe Badi.