Na Mungu je, nani kamuumba?

Kila ninapofundisha falsafa ya dini, swali hili halikosi. Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye chanzo chake ni nani? Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alilitumia katika mhadhara alioutoa London mwaka 1927, na tangu hapo wengi wamelishika kama jibu la mwisho. Naliheshimu, lakini linampinga mtu ambaye hakusema hivyo.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipotetea kuwepo kwa Mungu hakudai kwamba kila kitu kina chanzo. Alidai kwamba kila kilichoanza kuwepo kina kilichokisababisha, na kwamba ulimwengu ulianza. Anayetaka kumpinga aoneshe kuwa ulimwengu haukuwa na mwanzo, au kuwa kitu chaweza kuanza bila sababu. Hoja za namna hiyo zipo, tena nzito.

Kabla yake, mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina hakuhitaji hata huo mwanzo. Yeye aliona ulimwengu ni wa milele, na bado akauliza: vitu ambavyo vingeweza kutokuwepo, vinashikiliwa na nini hivi sasa? Thomas Aquinas naye, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Mfano wake, aliourithi kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni wa mkono unaosukuma fimbo, na fimbo inayosukuma jiwe. Mkono ukisita, fimbo inatulia na jiwe linatulia papo hapo. Panga fimbo elfu, moja nyuma ya nyingine, bado hakuna hata moja itakayolisogeza jiwe kwa nguvu yake yenyewe; lazima pawe na kinachosimama chenyewe, na hicho ndicho wanachokiita Mungu. Ukoo ni jambo jingine kabisa: babu akishafariki, mwanawe bado anaweza kuzaa. Wengi husoma hoja hii wakidhani inazungumzia ukoo, kumbe inazungumzia fimbo.

Kwa hiyo swali lenye makali, kwa maoni yangu, ni hili: kwa nini hicho kinachosimama chenyewe kisiwe ulimwengu wenyewe? Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliligusa katika majadiliano yaliyochapishwa mwaka 1779, baada ya kifo chake. Russell alilirudia mwaka 1948 akijadiliana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC: ulimwengu upo tu, basi. Msimamo huo hauna mgongano ndani yake. Ila unataka tukubali kwamba kuuliza “kwa nini”, kazi inayofanywa na sayansi kila siku, kunakoma ghafla pale tunapofika kwenye jumla ya vitu vyote.

Mimi ni muumini, na nakiri kwamba sisi waumini tuna deni kubwa zaidi. Hata hoja ikikubaliwa yote, imetufikisha kwa kitu ambacho hakitegemei kingine. Kwamba kitu hicho kinajua, kinapenda na kinasikia dua, fimbo na jiwe havisemi. Ibn Sina aliandika kurasa nyingi akijaribu kuivuka hatua hiyo, na ni kurasa hizo ninazotamani wanafunzi wangu wazisome kabla ya kuniuliza nani kamuumba nani.