Uzee hauji kwa siku tatu: muuguzi wa jamii na dalili zinazotangulia kulazwa

Mzee anapofikishwa hospitali akiwa hajitambui, mara nyingi ugonjwa haukuanza usiku ule. Siku chache kabla alianza kusukuma sahani, akasinzia mchana kutwa, akajikojolea ilhali hakuwa na hali hiyo. Nyumbani wakasema ni uzee. Lakini uzee hauji kwa siku tatu. Badiliko la ghafla lichukuliwe kuwa ugonjwa, na kazi kubwa ya muuguzi anayezungukia nyumba ni kuliwahi.

Hawezi kuliwahi kama hajui mzee huyo akiwa na nafuu yukoje. Ndiyo maana ziara ya kwanza huenda kwenye kuandika, katika daftari linalobaki nyumbani: anatembea hadi wapi bila kushikwa, anakula kiasi gani, anaamka mara ngapi usiku, anawakumbuka nani kwa jina, uzito, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mwenyewe akiwa ametulia na hajui kwamba anahesabiwa. Kawaida ni 12 hadi 20. Zikifika 25 ni dharura, hata kama mwili hauna joto, kwa kuwa nimonia ya mzee yaweza kuja bila homa na kujionyesha kwa kuchanganyikiwa au kuanguka tu.

Kwa mwenye moyo uliodhoofu, mizani ni kinga kubwa. Apimwe kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula, kwa mizani ileile iliyowekwa kwenye sakafu ngumu. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hajanenepa. Taarifa ikitolewa siku hiyohiyo, daktari huweza kurekebisha dawa ya kukojoza na mzee akabaki kwake. Ikisubiriwa hadi miguu ijae na ashindwe kulala bila kuegemea mito, hapo ni oksijeni na kulazwa.

Kisha dawa. Mfuko wote umwagwe mezani, pamoja na za dukani na za mitishamba. Humo hukutwa dawa moja yenye majina mawili ya kibiashara, kila moja imeandikwa na kliniki yake, na mzee anameza zote. Hukutwa pia diklofenaki au ibuprofeni za maumivu ya magoti, ambazo hubakiza chumvi na maji mwilini na kuumiza figo, hasa zikikutana na dawa za presha na za kukojoza. Ya kuogopwa zaidi ni glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari ya damu, kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hamu ya kula. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko 3 hadi 4 vya chai, ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza, asinyweshwe kitu. Na hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa saa nyingi na sukari yaweza kuporomoka tena usiku. Hapa kukwepa kulazwa ni kosa.

Presha nayo hupimwa nusunusu: mzee amekaa, namba inaandikwa, basi. Alale dakika 5 apimwe, asimame apimwe baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ndiye atakayeanguka akienda kukojoa usiku na kuvunjika nyonga. Daktari azipitie dawa zake. Mzee naye akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, ndipo ainuke.

Kwa asiyeinuka, ngozi ya makalio, nyonga na visigino itazamwe kila siku. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida ni mwanzo wa kidonda. Ageuzwe kila saa 2, visigino vielee hewani kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Pete ya mpira ya kukalia isitumike. Hubana damu kuzunguka sehemu ileile inayotakiwa kulindwa.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, yaani dalili za kiharusi, msimngoje muuguzi. Mpelekeni hospitali mara moja, na muandike saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu kuanzia hapo.