Kimchi si dawa, na tumbo la nguruwe la kuchoma si jadi: tunayoyakosea kuhusu chakula cha Wakorea

Anayetazama tamthilia za Kikorea kila jioni ataapa kwamba kule watu wanaishi kwa nyama. Wakikutana tu, jiko liko katikati ya meza, vipande vya nguruwe vinachuruzika mafuta, mkasi unakata, chupa ya soju, pombe kali yao, inazunguka. Kesho yake mtu huyohuyo anapokea ujumbe kwenye WhatsApp: kula chakula cha asili cha Wakorea upungue uzito na uishi miaka mia. Anaviunganisha vitu viwili visivyojuana.

Ile nyama ya tumbo la nguruwe, samgyeopsal, ilishika kasi miaka ya 1970 na 1980, nchi ilipoanza kupata fedha. Kuku wa kukaanga naye ni wa zama hizohizo. Tambi za pakiti zilianza kutengenezwa Korea Kusini mwaka 1963. Na budae jjigae, ule mchuzi wenye soseji na nyama ya kopo, ulizaliwa baada ya Vita vya Korea, watu wa Uijeongbu walipopikia vyakula vilivyotoka kambi za jeshi la Marekani. Vitamu, sibishi. Ila wanaosifu chakula cha jadi kwa ajili ya afya hawazungumzii vyakula hivyo.

Wanazungumzia meza ya namna hii: bakuli la wali, mara nyingi uliochanganywa na shayiri, mtama au maharage, bakuli la supu, kisha visahani vingi vinavyoitwa banchan. Kimoja kina mboga ya majani iliyochovywa kwenye maji ya moto, ikakamuliwa kwa mkono, ikatiwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu. Kingine soya iliyochipua, kingine figili, kingine dagaa wakavu. Nyama kama ipo, ni kidogo ya kutia ladha. Mboga nne au tano kwa mlo mmoja, na nyingi hazijaona mafuta ya kukaangia. Faida yenyewe imelala hapo, kwenye mpangilio wa meza, wala haimo kwenye chupa wala kopo moja la muujiza. Mtu wa ugali, mchicha na dagaa ataitambua meza hiyo bila mkalimani.

Sasa tuje kwa mwenye sifa zake: kimchi, mboga, hasa kabichi, iliyotiwa chumvi na viungo ikachachushwa.

Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipotikisa Asia, Korea Kusini iliguswa kidogo mno. Uvumi ukatoka kwamba kimchi ndiyo iliyowakinga, na mauzo yakapanda. Hakuna aliyewahi kuthibitisha hilo. Mwaka 2006 jarida moja la afya la Marekani likaitaja kimchi miongoni mwa vyakula vitano bora kwa afya duniani, na mpaka leo habari hiyo inazungushwa kama hukumu ya mahakama. Wanaoizungusha hawasemi kwamba wengine wanne walikuwa mtindi wa Kigiriki, mafuta ya zeituni ya Hispania, soya ya Japani na dengu za India. Dengu! Sijaona mtu anauza dengu kwenye kopo kwa bei ya dhahabu.

Wengine wanakwambia UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, imeipitisha kimchi kuwa chakula cha afya. UNESCO haikupitisha chakula. Mwaka 2013 iliorodhesha kimjang, yaani desturi ya familia na majirani kukusanyika kabla ya baridi kali, kutengeneza kimchi ya msimu mzima na kugawana. Ya Korea Kaskazini ikafuata mwaka 2015. Kilichotambuliwa ni ujirani.

Na ukiitazama kazi yenyewe, inavutia kuliko uvumi. Kabichi ndefu ya Kichina inapasuliwa, inanyunyiziwa chumvi ya mawe kati ya majani, inalazwa usiku kucha. Asubuhi unalikunja jani: likivunjika bado, likipinda kama kitambaa tayari. Inaoshwa, inachuja maji. Kisha kinamama wenye glavu nyekundu za mpira wanapaka jani baada ya jani rojo la pilipili ya unga, kitunguu saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyembamba na uduvi uliolala kwenye chumvi. Baada ya hapo kazi ni ya bakteria, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Wanakula sukari ya kabichi na kutoa asidi, asidi inapanda, vijidudu vya kuozesha vinashindwa kuishi. Ule mchomo kama wa soda unaousikia ulimini ni gesi yao.

Je, bakteria hao wananufaisha utumbo? Tafiti zipo, na baadhi zinatia moyo. Uliotangazwa sana ulitoka Januari 2024 kwenye jarida la BMJ Open: Wakorea zaidi ya 115,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 walichunguzwa, na wanaume waliokula kimchi mara moja hadi tatu kwa siku walionekana kuwa na unene uliopindukia kwa kiwango kidogo zaidi. Waliozidisha sana, nafuu hiyo ilififia. Soma na sehemu ambayo vichwa vya habari viliruka: utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja bila kusema kipi kimemvuta mwenzake, na fedha zilitoka kwa taasisi ya utafiti wa kimchi. Sisemi ni uongo. Nasema anayekuuzia kopo kwa ushahidi huo anakimbilia mbali.

Tena, bakteria hai wanapatikana kwenye kimchi isiyopikwa. Ukiitia sufuriani kupika jjigae, yaani mchuzi wa kuchemsha, umewaua. Nyuzinyuzi zinabaki, ladha inazidi, lakini usihesabu tena bakteria.

Dhana inayonikera kuliko zote ni hii: "Chumvi ya kimchi haidhuru kwa sababu imechachushwa." Kuchachua hakuli chumvi. Bakteria wanakula sukari. Chumvi uliyoitia jana ndiyo utakayoimeza mwezi ujao. Gramu 100 za kimchi ya kabichi hubeba takribani miligramu 500 hadi 700 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa vyote alivyokula. Ongeza supu ya doenjang, rojo la soya iliyochachushwa, soya sosi, tambi zenye mchuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mkorea wa kawaida alikuwa anakula zaidi ya miligramu 4,500 kwa siku. Serikali ilipoanza kampeni, watu wakahimizwa kula vilivyomo kwenye supu na kuuacha mchuzi bakulini, na kiwango kikashuka hadi kuzidi 3,000 kidogo. Bado kiko juu. Kwa hiyo mwenye presha anayekula bakuli zima la kimchi "kwa ajili ya afya" anajipiga mwenyewe. Kisahani kidogo kinatosha, na hivyo ndivyo wenyewe wanavyoiandaa.

Upande wa pili nao una uvumi wake: kwamba kimchi inaleta saratani. Ni kweli Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zenye saratani nyingi ya tumbo. Lakini mshitakiwa mkuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Chumvi nyingi na sigara vinamsaidia kazi. Wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliziweka achari za mboga za jadi za Asia kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda", ushahidi haujakamilika. Kundi hilohilo lina dondoo la jani zima la mshubiri, ambalo kwetu watu wanalinywa asubuhi wakijisifu.

Pilipili nisiikalie sana. Inadhaniwa kuwa ya kale Korea kama milima yake, kumbe ilitoka Amerika na kuingia huko karibu na mwisho wa karne ya 16. Kabla yake kimchi ilikuwa haina wekundu, na nyeupe, baek-kimchi, inaliwa hadi leo. Mwenye vidonda vya tumbo aanze na hiyo.

Mwani unahitaji tahadhari zaidi. Mama aliyejifungua Korea hupewa miyeokguk, supu ya mwani, kwa wiki kadhaa, kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga. Na kila siku ya kuzaliwa mtoto wake naye huinywa. Ina madini joto, na anayenyonyesha anayahitaji. Lakini si kweli kwamba ukizidisha ndivyo bora. Mahitaji ya anayenyonyesha ni mikrogramu 250 kwa siku, na gramu moja tu ya dashima, mwani mkavu mnene wa kuchemshia supu, inaweza kuzidi 1,000. Mwenye ugonjwa wa tezi la shingo aulize kwanza, hasa kwa kuwa chumvi ya dukani kwetu tayari imetiwa madini joto. Mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa jamii nyingine, na sehemu kubwa husafirishwa kwenda kutengenezewa viungo vya kufanya vyakula viwe vizito.

Ginseng, mzizi wa mmea, hasa nyekundu ambayo hupikwa kwa mvuke kabla ya kukaushwa, huku kwetu inauzwa kwa kunong'ona kama dawa ya nguvu za kiume. Kwao mzizi huo huwekwa ndani ya kuku mdogo, wakapata samgyetang, supu inayoliwa siku tatu za joto kali la kiangazi. Kwenye supu haina neno. Kwenye vidonge, anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, au dawa za sukari, asiiguse kabla ya kumwambia daktari wake.

Imebaki ile ya "wanaishi sana kwa sababu ya kimchi". Mwaka 1960, walipokuwa wakila kimchi nyingi kuliko leo, wastani wa umri Korea Kusini ulikuwa chini ya miaka 60. Sasa ni kama 83. Katikati hapo njaa iliisha, maji yakawa safi, na bima ya afya ikawafikia raia wote mwaka 1989. Mpango wa taifa wa kuchunguza saratani ulianza mwaka 1999 kwa wenye kipato kidogo, ukapanuliwa. Leo aliyefikisha miaka 40 huitwa kila baada ya miaka miwili apimwe tumbo, mara nyingi kwa ule mpira wenye kamera unaoshushwa kooni, na ndiyo maana uvimbe mwingi hunaswa ungali mchanga. Anayekwenda kupimwa huambiwa asile chochote tangu usiku uliotangulia, hata kimchi.