Mchele wa Jana na Mpunga wa Leo: Yanayosemwa Kuhusu Roki ya Zamani na Muziki Mpya

Ya kale ni dhahabu, wanasema, na kwenye muziki msemo huu umegeuzwa ushahidi. Mtu anaweka Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, anafumba macho, gitaa la Jimmy Page linaingia, na kabla wimbo haujaisha ameshatoa hukumu: siku hizi hakuna muziki. Kufumba macho nafumba na mimi. Roki ya Uingereza na Marekani ya kuanzia mwaka 1965 hadi 1980 hivi ndiyo ninayoirudia nikiwa peke yangu. Tatizo langu ni hiyo hukumu. Hoja nyingi zinazotolewa kuitetea roki hazisimami, na chache zinazosimama si zile zinazopigiwa kelele.

"Zamani walikuwa hawatoi takataka"

Mwaka 1969 ndio mwaka wa Woodstock. Agosti ile, kwenye shamba huko Bethel, jimbo la New York, walipanda jukwaani Jimi Hendrix, The Who na Santana, na picha hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mwetu. Lakini Billboard, jarida la chati za muziki la Marekani, ilipojumlisha mauzo na uchezwaji wa nyimbo redioni kwa mwaka mzima, namba moja Marekani ilikuwa "Sugar, Sugar" ya The Archies. Hiyo ni bendi ambayo haikuwepo. Walikuwa wahusika wa katuni ya televisheni, na nyuma yao waimbaji wa studio.

Uingereza nako si tofauti. Mapema 1967 Beatles walitoa santuri yenye "Strawberry Fields Forever" upande mmoja na "Penny Lane" upande wa pili. Ukiwauliza wapenzi wa roki leo, wengi watakuambia hakuna santuri ndogo iliyowahi kuishinda. Kwenye chati kuu ya nchi yao yenyewe iliishia namba mbili. Aliyekaa juu yao ni Engelbert Humperdinck na "Release Me", wimbo wa kubembeleza ambao, ukweli usemwe, ni mtamu, ila hakuna anayeutoa mfano anapotaka kuthibitisha ukuu wa mwaka 1967.

Muda umefanya kazi ya ungo. Umepepeta miaka zaidi ya hamsini, pumba zimekwenda na upepo, tumebaki na mchele mweupe mkononi. Kisha mchele huo tunauweka kando ya mpunga uliovunwa leo asubuhi, wenye makapi, mawe na majani, tunashangaa kwa nini haufanani. Na mpunga wenyewe ni mwingi kupita kiasi: mwaka 2021 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, walisema wanapokea nyimbo zaidi ya 60,000 kila siku.

"Walipiga wenyewe, hakuna ujanja wa mashine"

Hapa ndipo watu huchemka zaidi, kwa hiyo twende taratibu.

"Mr. Tambourine Man" ya The Byrds, wimbo ulioipa roki ya Marekani sauti mpya mwaka 1965, ulipigwa na mwanabendi mmoja tu, Roger McGuinn na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Wenzake wawili waliimba. Ngoma, besi na vyombo vingine vilishikwa na wapigaji wa kukodi wa studio za Los Angeles, kundi lililokuja kujulikana kama Wrecking Crew. Hao hao, akiwemo mpiga ngoma Hal Blaine, walipiga kwenye nyimbo nyingi mno za miaka ile ambazo sisi tunazihesabu kuwa kazi ya bendi.

Beatles nao waliacha ziara za majukwaani Agosti 1966, wakajifungia studio. "Strawberry Fields Forever" tuliyoitaja imeunganishwa kutoka rekodi mbili tofauti, zenye kasi tofauti na zisizo kwenye ufunguo mmoja. Mtayarishaji wao George Martin na fundi wake Geoff Emerick walicheza na mwendo wa kanda mpaka zikakutana, wakakata kwa mkasi na kuunga. Mwaka huo huo fundi wa studio za EMI, Ken Townsend, alibuni njia ya kuifanya sauti moja isikike kama mbili, kwa sababu John Lennon wa Beatles alikuwa amechoka kuimba kila kitu mara mbili. Ungemwambia mtu leo kwamba msanii fulani ametengenezewa mashine kwa sababu hataki kurudia kuimba, angesema nini?

Halafu kuna mtoto wa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Queen walikuwa na kiburi cha ufundi: kwenye majalada ya albamu zao za mwanzo waliandika wazi kwamba hawakutumia sintesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. Ni kweli hawakutumia. Lakini "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, ile sehemu ya opera yenye "Bismillah", ni sauti za watu watatu tu zilizorudiwa na kupandishwa moja juu ya nyingine mara nyingi kiasi kwamba kanda yenyewe ilianza kuchakaa. Hakuna chumba chochote duniani ambamo kwaya ile iliwahi kusimama ikaimba. Iliumbwa ndani ya mashine, na ndiyo maana naipenda.

Kwa hiyo Auto-Tune, programu ya kompyuta inayonyoosha sauti ya mwimbaji aliyetoka nje ya noti, iliyotoka mwaka 1997 kwa mkono wa Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, haikuleta udanganyifu mahali palipokuwa na usafi. Ilirahisisha kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkasi.

Kilichopotea kipo, ila ni kingine. Sikiliza "Honky Tonk Women" ya Rolling Stones toka mwanzo hadi mwisho ukiwa unagonga meza kwa kidole. Mwishoni utakuwa unagonga haraka kuliko ulivyoanza. Bendi imepandwa na mori, mpiga ngoma wao Charlie Watts amekwenda nayo. Nyimbo nyingi za sasa hurekodiwa kwa kufuata mlio wa kompyuta usiobadilika, na pigo likikosea linasogezwa mahali pake. Hapo nakubali kulalamika na nyinyi.

"Walikuwa wanne na walitunga wenyewe, siku hizi wimbo mmoja una watunzi kumi"

Kumi na mmoja, ukitaka kuwa sahihi, kwa "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars. Lakini waliongezeka baada ya wimbo kutoka: mwaka 2015 watu wa The Gap Band waliingizwa kwenye orodha kwa kuwa wimbo ulifanana mno na wao wa zamani. Sasa geuka nyuma. "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin ilipotoka 1969, watunzi walioandikwa ni wanabendi wanne tu. Maneno yake mengi yalikuwa yametoka kwenye wimbo wa Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alishitaki mwaka 1985, wakaelewana nje ya mahakama mwaka 1987, jina lake likaongezwa. Orodha fupi ya watunzi haikumaanisha kila mara kwamba watunzi walikuwa wachache. Wengine walikuwa weusi wa Chicago wasio na wakili.

"Nyimbo za sasa zote ni moja"

Wanaosema hivi wana utafiti wa kunyooshea kidole. Mwaka 2012 Joan Serrà na wenzake huko Hispania walipitisha kwenye kompyuta rekodi karibu 465,000 za kati ya 1955 na 2010. Waligundua kwamba mipito ya sauti kutoka noti moja hadi nyingine imepungua aina, rangi za sauti zimekaribiana, na rekodi zimezidi kuwa na kelele, yaani sauti kubwa. Habari ikazunguka dunia: sayansi imethibitisha muziki umeharibika.

Miaka mitatu baadaye Matthias Mauch na wenzake jijini London wakachukua nyimbo kama 17,000 zilizoingia kwenye chati ya Marekani kati ya 1960 na 2010. Wao hawakuona safari ya kuelekea ufanano. Waliona mawimbi. Kipindi chenye nyimbo zilizofanana zaidi kilikuwa katikati ya miaka ya 1980, wakati sintesaiza na mashine za ngoma zimeshika kila studio, kisha aina zikaongezeka tena. Na mapinduzi makubwa kuliko yote hawakuyaona mwaka 1964 walipoingia Waingereza na magitaa yao. Waliyaona mwaka 1991, rap ilipovunja mlango wa chati. Hilo ni gumu kumeza kwa mtu wa roki, mimi nikiwemo.

Nani ana haki? Walipima vitu tofauti: mmoja rundo kubwa la rekodi, mwingine nyimbo zilizopendwa. Na hakuna kati yao aliyepima uzuri. Kompyuta inaweza kuhesabu noti, haijui kwa nini noti mbili za besi zinakusimamisha vinyweleo.

Suala la kelele, hata hivyo, halina ubishi. Santuri ilikuwa na mipaka yake, sindano ingeruka. Zilipokuja CD miaka ya 1980, mafundi wakaanza kubana sauti ili sehemu za chini zipande zilingane na za juu, kila albamu ikishindana isikike kwa nguvu kuliko jirani yake. Wimbo uliobanwa hivyo hauna pumzi, unachosha sikio. Ila wakosaji si vijana wa kompyuta peke yao. Mfano unaotajwa kila mahali ni *Death Magnetic* ya Metallica, mwaka 2008, bendi ya magitaa hasa. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako hazikubanwa hivyo.

"Roki ilikuwa furaha, hawa wa sasa wanalia tu"

Nusu ya dhana hii ni kweli, jambo lililonishangaza. Glenn Schellenberg na Christian von Scheve walichunguza nyimbo zaidi ya 1,000 zilizotamba Marekani kuanzia 1965 hadi 2009, wakakuta zimekuwa za polepole zaidi na zimehamia kwenye skeli ya maina, ile ambayo masikio ya Wazungu huisikia kama huzuni. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa nyimbo nusu milioni zilizotoka Uingereza kati ya 1985 na 2015, ulionyesha furaha ikishuka na huzuni ikipanda. Kwa hiyo mjomba anayelalamika kwamba redio imejaa simanzi hajakosea kabisa. Utafiti huo wa pili uliongeza mawili: nyimbo zilizidi kuwa za kuchezeka, na zile zilizofanikiwa zilikuwa na furaha kuliko wastani wa zote.

Nusu nyingine ndiyo potofu. Nani alisema roki ilikuwa ya furaha? Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga, na gitaa lile zito la msiba ndilo lililozaa metali. *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd inahusu kifo, fedha, muda unaoponyoka na wazimu. Ilitoka 1973, na hadi 1988 ilikuwa imekaa kwenye chati ya albamu za Marekani wiki 741. Watu walioinunua sasa ni babu na bibi, na wanasikitika kwamba wajukuu wanapenda nyimbo za kusononesha.

Limebaki lile la asilimia 70. Linarudiwa sana: kwamba mwaka 2021 karibu asilimia 70 ya muziki uliosikilizwa na kununuliwa Marekani ulikuwa wa zamani, ushahidi kwamba hata vijana wamekimbia muziki wao. Takwimu ni ya kweli. Lakini katika hesabu za biashara ya muziki, "zamani" ni wimbo wowote uliozidi miezi 18. Wimbo wa Billie Eilish wa mwaka 2019 umewekwa kapu moja na Hendrix. Yapo ya kweli ndani ya kapu hilo: mwaka 2022 "Running Up That Hill" ya Kate Bush, ya 1985, ilifika namba moja Uingereza baada ya kusikika kwenye tamthilia ya *Stranger Things*. Ilipotoka mara ya kwanza, wasikilizaji waliokuwa wakiikumbuka vizuri miaka ya sabini hawakuipeleka juu ya namba tatu.