Muuza dagaa halipi kodi?

Wengi Mwanza huamini kwamba mama muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, asiye na namba ya mlipakodi, hachangii chochote. Kodi ya mapato huenda halipi, kweli. Lakini kwenye sabuni anayonunua imo VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa kawaida asilimia 18, hata kama kiosk hakijasajiliwa kuitoza: ilishaingia kwenye bei ambayo kiosk kilinunulia kwa muuzaji wa jumla.

Shika risiti ya mashine ya sh. 11,800. Usipige asilimia 18 ya jumla hiyo (kosa la kila siku); zidisha kwa 18, gawa kwa 118, upate VAT iliyomo: sh. 1,800. Unga na mazao mabichi mara nyingi vimesamehewa kodi hii, kwa hiyo soma kwanza mstari wa kodi.

Anayemaliza kipato chote dukani huiachia VAT fungu kubwa zaidi la kipato hicho kuliko anayeweka nusu akiba.