Alborotar: zogo la Kihispania na mkazo wake

Alborotar ni kukitoa kitu katika utulivu wake. Wengi hulifasiri "kupiga kelele" na kuishia hapo, kumbe Kiswahili chake hutegemea kilichovurugwa. El viento me alborotó el pelo: upepo umenivuruga nywele, zimekuwa timtim. El mar se alborotó: bahari ilichafuka. Los niños alborotan: watoto wanafanya fujo. Ongeza se, los niños se alborotan, na sasa ni wao walioingiwa na kiherehere, pengine kwa kusikia tu kengele ya mapumziko.

Minyambuliko yake haina ukaidi, inafuata vitenzi vya kawaida vya -ar. Shida ya Mswahili ni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi alboroto (albo-RO-to) hututoka bila taabu: ni "navuruga", na pia ni nomino, "zogo". Lakini alborotó hukazwa mwishoni, na maana yake ni "alivuruga". Ukikaza kwa mazoea ya nyumbani, kosa la mtu mwingine la jana umejitwisha wewe leo. Herufi r iguse mara moja tu, kama ya "maharage". Ya kukwaruza ni ile ya perro (mbwa).

Kumkanya mmoja: ¡No alborotes! Wakiwa wengi, Hispania husema ¡No alborotéis!, Amerika ya Kilatini ¡No alboroten!

Katika misemo, alborotar el gallinero, kuvuruga banda la kuku, ni kuzusha taharuki ndani ya kundi. Alborotar el avispero ni kuchokoza nyigu kiotani, yaani kufukua jambo lililokuwa limelala. Hispania wana pia alborotar el cotarro. Cotarro ilikuwa hifadhi ya usiku ya maskini na wazururaji, na humo zogo halikuhitaji mwaliko.

Angalia usiteleze ukasema alborozar, ambayo ni kujaza mtu furaha. Habari iliyoitikisa nchi nzima inataka conmocionar, na ghasia za mawe na moto barabarani ni disturbios. Alboroto ni jepesi mno kwa hayo.

Na mchuuzi wa Guatemala au Honduras anayenadi alborotos anauza bisi za mtama au mahindi, zilizoshikanishwa kwa asali ya sukari guru.